Maswali ya Wasomaji: Tabianchi Darasani

SWALI: Nafundisha darasa la sita, Kongwa. Nikigusia mabadiliko ya tabianchi, watoto wananyong'ea. Nifanyeje?

JIBU: Mwalimu, anza na mvua ya kwenu, barafu ya mbali iache kwanza. Tengenezeni kipimamvua: kata shingo ya chupa ya lita moja na nusu yenye ubavu ulionyooka, geuza shingo hiyo juu chini na uichomeke juu ya chupa iwe kama faneli. Tia kokoto na maji kufunika mabonde ya kitako: hapo ndipo sifuri. Wapime kila saa 3 asubuhi, Desemba hadi Aprili. Kiangazi cha katikati ya msimu, kinachokausha mahindi huku mtama ukivumilia, watakiona wenyewe.

Kisha kisiki hai, yaani kutunza machipukizi ya kisiki cha mti uliokatwa ili yawe mti tena: wabakize machipukizi matatu manene, wapogoe matawi ya chini, wafunge kitambaa kama alama. Mbuzi huharibu yote, kwa hiyo zungumzeni na wachungaji mapema.