Kimbunga na paa la bati: viroba vya mchanga vinasaidia?

SWALI: Mhandisi, shikamoo. Naishi Kilwa Masoko, nyumba ya tofali za saruji, mabati ya geji 30, na kibaraza mbele. Kimbunga Hidaya kilipokaribia, majirani walipandisha viroba vya mchanga na mawe juu ya paa. Wengine waliacha madirisha wazi ili upepo upite usiinue paa. Mabati yangu yalichezacheza usiku kucha ila hayakung'oka. Nifanye nini kabla hakijaja kingine?

JIBU: Marahaba. Umefanya vyema kuuliza mapema, maana kazi hii haiwezekani tena tangazo likishatoka. Na kalenda isikudanganye. Upande wetu wa Bahari ya Hindi msimu wa vimbunga kwa kawaida ni Novemba hadi Aprili, lakini Hidaya ilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024. Kenneth ya Aprili 2019 ilitutishia watu wa kusini, ikaangukia Cabo Delgado, Msumbiji. Lindi nayo ilipigwa mwaka 1952.

Tuanze na viroba. Upepo mkali hauligandamizi bati, unalifyonza kwenda juu, huku hewa ya ndani ikilisukuma kutoka chini. Kwa kasi ya kilomita 120 kwa saa, nguvu yake ni kama kilo 70 kwa kila mita ya mraba. Bati la mita 3 linafunika zaidi ya mita 2 za mraba, kwa hiyo linavutwa kwa zaidi ya kilo 140, na lenyewe halifiki kilo 10. Kwenye pembe na kingo za paa mvuto huo huzidi sana. Kiroba kimoja hapo hakifui dafu, na jiwe likiporomoka usiku linaweza kumuua mtu. Wasihi majirani wayashushe.

Madirisha yafungwe yote, ya pande zote. Dirisha likiwa wazi upande unaotoka upepo, nyumba inajaa hewa na paa linasukumwa juu kwa nguvu zaidi. Nondo za dirisha hazizuii kioo kuvunjwa na tawi au bati la jirani, kwa hiyo andaa mbao au plaiwudi zilizokwisha kukatwa kwa kipimo, kila moja na alama ya dirisha lake.

Sasa paa lenyewe. Bati kuchezacheza maana yake misumari imeachia. Panda na fundi, mwanzie ukingoni. Mtakuta misumari imechomoza, mpira wake umekatika kwa jua, tundu limepanuka. Msiugonge msumari uleule kwenye tundu lilelile, hautashika. Ng'oeni, mtie skurubu ndefu yenye kofia na mpira mpya, ikamate barabara papi, yaani ubao unaolibeba bati. Kwenye kingo zote na karibu na kofia ya paa kule kileleni, fungeni kila mgongo wa bati. Katikati mnaweza kuruka mmoja mmoja.

Hapo mafundi wengi huishia, na hapo ndipo ninapoomba usikubali. Bati likishika vizuri halafu papi imepigiliwa kwa msumari mmoja tu, linaruka bati pamoja na papi. Papi zikishika, kenchi nzima, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, inanyanyuka kama imekaa tu juu ya ukuta. Ingieni darini na tochi. Kila papi inapokutana na kenchi, zungusheni waya mnene wa zinki na kuukaza kwa koleo. Kisha toboeni ukuta chini kidogo ya linta (ule mkanda wa zege juu ya madirisha), mpitishe waya au nondo ya milimita 6, mzungushe linta na kuifunga kenchi. Ni kazi ya vumbi na jasho, lakini ndiyo inayolishikisha paa na nyumba.

Kibaraza kinanitia wasiwasi kuliko vyote, kwa sababu upepo unaingia chini yake na hauna pa kutokea. Kama bati lake ni mwendelezo wa paa kubwa, litenganishe: kikiondoka, kiondoke peke yake. Fedha zikiwa kidogo, anza hapo na kwenye kingo.

Siku yenyewe, fuata taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Jaza ndoo na tangi, chaji simu, zima umeme kwenye swichi kuu. Kaeni chumba kidogo cha ndani, mbali na vioo. Upepo ukikatika ghafla, msitoke kwanza: huenda ni kitovu cha kimbunga, penye utulivu, kinapita, na upepo utarudi kutoka upande wa pili, ukikuta misumari imeshalegea.

Hukuniambia nyumba iko umbali gani na bahari. Kama maji ya bamvuo hukaribia ua wako, haya yote hayatoshi: hamia mapema kwa ndugu aliye mwinuko, wakati barabara bado inapitika.