Swali la lugha: Mhadhiri anashiriki skrini au anaionyesha?

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili na pia ni katibu wa kamati ya wanafunzi. Siku hizi vipindi vyetu vingi, na hata vikao vya kamati, hufanyika kwa njia ya video. Kila akitaka tuone slaidi, mhadhiri wetu husema, "Sasa nitashiriki skrini yangu." Nami niliandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba mjumbe mmoja "alishiriki wasilisho la bajeti". Mwenzangu amenikosoa vikali. Mwingine anasema lugha hukua, niache hivyo hivyo. Nani yuko sahihi? Na je, ni "mkutano wa mtandao", "mkutano wa mtandaoni" au "mkutano kwenye mtandaoni"?

JIBU: Aliyekukosoa yuko sahihi, ila ukali haukuwa na sababu, maana kosa hili hukulianzisha wewe. Limetoka kwenye vitufe vya programu. Watafsiri wake walikuta neno moja la Kiingereza lenye kazi nyingi, "share", wakalipa neno moja la Kiswahili, "shiriki", popote lilipojitokeza.

Kukitazama kitenzi chenyewe kunatosha kuonyesha tatizo. Kushiriki ni kuingia katika jambo pamoja na wengine. Tunashiriki mkutano, tunashiriki mazishi, tunashiriki uchaguzi. Hata kikifuatwa na kitu cha kushikika, kama katika "walishiriki chakula", maana ni kwamba walikula pamoja. Aliyekitoa chakula hicho tutamsemea kwa vitenzi vingine: alipakua, aligawa, alikaribisha. Mwenye kushiriki, basi, ni yule anayepata sehemu yake katika jambo, wala si yule anayelitoa. Mhadhiri akisema "nitashiriki skrini yangu", kwa Kiswahili amesema atajiunga na skrini ambayo tayari ni yake. Kwa kweli wanaoshiriki hapo ni ninyi wanafunzi, na mnachoshiriki ni kipindi.

Darasani hilo halileti madhara makubwa, kwa kuwa slaidi hutokea na kila mtu akaelewa. Kwenye kumbukumbu za kikao ni jambo jingine. "Mjumbe alishiriki wasilisho la bajeti." Atakayeisoma sentensi hiyo mwakani atajiuliza: mjumbe huyo alikuwepo wakati wa wasilisho? Alisaidia kuliandaa? Au ndiye aliyelitoa? Maana mbili za kwanza ndizo Kiswahili kinazozikubali kwa urahisi, na uliyoikusudia wewe ni ya tatu. Andika "Mjumbe aliwasilisha bajeti". Kama la muhimu ni kwamba wajumbe waliiona rasimu yenyewe, andika "alionyesha rasimu ya bajeti kwenye skrini". (Wapo wanaoandika "onesha". Huo ni mjadala wa siku nyingine.)

Kwa skrini, kitenzi ni kuonyesha: "Naomba nionyeshe skrini yangu", "Mnaiona skrini yangu?" Faili au kiungo cha kikao hutumwa. Tangazo husambazwa. Maoni hutolewa. Na wanafunzi wawili wenye kompyuta moja wanaichangia, au wanaitumia kwa pamoja. Kiswahili kimegawa kazi hizi kwa vitenzi mbalimbali kwa sababu ni kazi mbalimbali, na sioni faida ya kuvikunja vyote viwe kimoja.

Iko njia ya kukiokoa kitenzi hicho kwa wanaokipenda: kauli ya kutendesha. Kushirikisha ni kumfanya mtu awe na sehemu katika jambo, na yambwa yake ya kwanza, yaani anayetendewa, ni mtu. "Nitawashirikisha matokeo ya utafiti wangu" ni Kiswahili safi. Angalia kiambishi -wa- kinavyofanya kazi: kinawataja wanaopokea, na hapo sentensi inasimama. Nakitumia kwa matokeo, kwa mawazo, hata kwa huzuni. Kwa skrini bado naona "onyesha" inatosha, tena ni fupi.

Huyo rafiki yako anayesema lugha hukua simpingi hata kidogo. Namwomba tu asikilize inakokulia. Mwaka 2020, vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 na masomo yakahamia kwenye Zoom na programu nyingine, watu hawakungoja kamati iwaundie istilahi. Picha isiposogea walisema imeganda, kitenzi tulichozoea kukitumia kwa mafuta na damu. Sauti ikija vipande vipande walisema inakatakata. Aliyetolewa kikaoni na hitilafu ya intaneti alirudi akisema, "Samahani, nilitupwa nje." Na mwenyekiti akiuliza "Mnanipata?", hujibiwa "Tunakupata vizuri". Hapo lugha imekua kwa nyama yake yenyewe, na yeyote aliyewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo anaelewa bila kufafanuliwa. "Nashiriki skrini" imekuja kwa njia nyingine kabisa: imenakiliwa kutoka kwenye kitufe.

Jambo moja hukuliuliza, lakini kwa kuwa wewe ni katibu wa vikao nitaligusa. Vipo vitufe vinavyotumia neno "nyamazisha" kwa kufunga maiki. Kifaa hakina kosa. Lakini kumnyamazisha mtu, katika mazungumzo yetu, ni kumzuia asiseme, na aghalabu hufanywa na mkubwa kwa mdogo. Ukimwambia profesa "umenyamazishwa", umesema zaidi ya ulivyokusudia. "Profesa, maiki yako imefungwa" inatosha, au kwa adabu zaidi, "Profesa, sauti yako haitufikii."

Sasa mtandao. "Kwenye mtandaoni" ni kosa, kwa kuwa kiambishi -ni kimeshabeba maana ya "kwenye". Ni sawa na kusema "katika nyumbani". Chagua kimoja: "kwenye mtandao" au "mtandaoni".

Kati ya "mkutano wa mtandao" na "mkutano wa mtandaoni", mimi nachagua wa pili bila kusita. Mtandao pia ni muungano wa watu au asasi. Mtandao wa watafiti ukikutana ukumbini, huo ni mkutano wa mtandao, na huenda hapana hata kompyuta moja iliyowashwa. "Wa mtandaoni" inataja mahali, kama tusemavyo "samaki wa baharini" au "maisha ya kijijini". Vivyo hivyo: darasa la mtandaoni, vipindi vya mtandaoni, mitihani ya mtandaoni. Baada ya kitenzi, kihusishi (kama hiyo "wa") hakihitajiki: "Tutakutana mtandaoni saa nne."

"Kwa njia ya video" ni finyu zaidi, kwani mkutano wa mtandaoni unaweza kuwa wa sauti tupu au wa kuandikiana. Litumie pale ambapo kuonekana kuna uzito, kwa mfano katika utetezi wa tasnifu, ambapo watahini wanapaswa kumwona mtahiniwa.

Na kikao kikiwa na watu wa pande zote mbili, usiandike kuwa waliokuwepo chumbani walihudhuria "ana kwa ana" ukidhani umewatenganisha na wengine, kwa maana hata wa kwenye video walionana nyuso. Andika "waliohudhuria ukumbini" na "waliohudhuria kwa njia ya video", kisha orodhesha majina chini ya kila kundi.