Barua kwa mwanangu: siku sita na umri wa dunia

Mwanangu mpendwa,

Sote hapa nyumbani hatujambo. Umeniuliza kama ni kweli, alivyosema kiongozi wa kikundi chenu cha maombi chuoni, kwamba asiyekubali dunia ina miaka 6,000 tu hamwamini Mungu Muumba. Hapana, mwanangu. Si kweli, na sipendi mtu akutwishe mzigo huo.

Hesabu hiyo ilipata nguvu kwa Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland. Mwaka 1650 alijumlisha vizazi vya Biblia, akapata kwamba uumbaji ulikuwa mwaka 4004 kabla ya Kristo. Baadaye tarehe zake zikachapwa pembeni mwa kurasa za Biblia za Kiingereza, na wasomaji wengi wakazizoea kana kwamba nazo ni Maandiko. Lakini Augustino, askofu wa Hippo, Afrika Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, alifundisha kwamba Mungu aliumba vyote kwa mara moja, na kwamba zile siku sita si siku hizi zetu. Wala hakuwa akimkimbia Darwin, yule mwanasayansi wa mageuko, yaani viumbe kubadilika polepole kizazi hadi kizazi, aliyekuja karibu miaka 1,400 baadaye!

Tena soma habari za kesi ya Dayton, Tennessee, Julai 1925. Mwalimu John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha kwamba binadamu alitokana na viumbe wa chini. William Jennings Bryan, aliyewahi kugombea urais wa Marekani mara tatu, alikuwa upande wa mashtaka, akiitetea Biblia. Wakili wa Scopes, Clarence Darrow, alipombana kuhusu siku sita, Bryan alijibu kuwa hazikuwa siku za saa 24. Kwake kila siku iliweza kuwa zama ndefu. George McCready Price, Msabato ambaye Bryan alimtegemea katika mambo ya miamba, yeye alishikilia siku sita halisi, na kwamba miamba ilipangwa na gharika ya Nuhu. Wote wawili walimpinga Darwin, ila juu ya siku hizo kila mmoja alikuwa na lake. Wengine, tangu Thomas Chalmers wa Scotland mwaka 1814, waliona kipindi kirefu kati ya Mwanzo 1:1 na 1:2.

Mawazo ya Price yalienea sana nje ya Wasabato baada ya mwaka 1961, John Whitcomb na Henry Morris walipochapisha kitabu chao juu ya gharika. Kwa hiyo anachokiita kiongozi wenu imani ya Wakristo wote kilikuwa msimamo wa baadhi yao tu.

Mimi naamini Mungu aliumba, na nawakubali wataalamu wanaposema dunia ina umri wa miaka kama bilioni 4.5. Francis Collins, aliyeongoza mradi wa kusoma vinasaba vya binadamu, anaamini Mungu aliumba kwa njia ya mageuko yenyewe. Wapo wanaomkatalia, mimi siwezi kumwita kafiri.

Usihame kikundi kwa ajili ya hili. Mweleze kiongozi wako habari za Augustino na Bryan, kwa heshima, kisha uniandikie amejibu nini.

Mama yako