Vidonge vya hamu ya kula kwa anayeogopa kula

Swali: Daktari, binti yangu wa miaka 19 amekonda sana. Chakula kikitengwa anatetemeka, moyo unamwenda mbio, asipokula anatulia. Muuza dawa anasema ubongo wake umepungukiwa serotonini, kemikali inayogusa hisia na wasiwasi. Katuuzia vidonge vya serotonini na vya hamu ya kula. Tumpe?

Jibu: Msimpe, mama. Dalili hizi zinafanana na anoreksia, ugonjwa wa kujinyima chakula kwa kuogopa kunenepa. Serotonini ya kumeza haiingii kwenye ubongo. Ubongo hujitengenezea yake kutokana na triptofani, kirutubisho kinachopatikana kwenye maharage, mayai, samaki na maziwa. Mtu akijinyima, triptofani hupungua, na serotonini nayo. Mtafiti Walter Kaye wa Marekani anaona kwamba kwa wagonjwa hawa kupungua huko ndiko kunakotuliza wasiwasi, wakila, unarudi. Ndiyo maana binti anatulia akiwa na njaa. Hata fluoksetini, dawa ya kuinua serotonini inayowasaidia wenye kula kwa pupa kisha kutapika (miligramu 60 kwa siku), kwa aliyekonda hivi haifui dafu.

Na hiyo hamu, nani kasema hana? Huenda njaa anaisikia sana. Anachokiogopa ni kula. Mkiichochea, anaweza kula usiku kwa siri, atapike, potasiamu (madini yanayosaidia moyo kupiga) ishuke, mapigo ya moyo yavurugike.

Mpelekeni hospitali kabla ya kumshindilia ugali. Apimwe mapigo, ECG (kipimo cha umeme wa moyo), potasiamu, na madini mengine ya damu: fosfati na magnesiamu. Sahani kubwa baada ya njaa ndefu hupandisha insulini (homoni inayoingiza sukari kwenye seli), fosfati ikakimbilia ndani ya seli, damu ikabaki bila, moyo ukashindwa kazi. Aliye hatarini sana huanzishiwa kama kilokalori 10 kwa kila kilo ya uzito, na thiamini (vitamini B1) kwanza; hesabu hiyo iacheni wodini. Akishaimarika: milo 3 na vitafunio 2 au 3 kwa saa maalumu, mtu akae naye mezani na saa nzima baadaye, mpaka hofu ipande na kushuka yenyewe. Uzito usitajwe mezani.

Hivyo vidonge vya kunenepesha mara nyingi ni siproheptadini, dawa ya mzio inayozuia serotonini. Yaani kakuuzia cha kuiongeza na cha kuizuia katika bahasha moja! Wengine huchanganya na deksamethasoni, dawa kali ya jamii ya steroidi: mashavu yanajaa, majirani wanasifu, kumbe mifupa inaliwa na kinga inashuka. Aliyekwisha kumeza mchanganyiko huo kwa wiki kadhaa asiache ghafla, kwa sababu tezi zake za juu ya figo zinaweza kuwa zimeacha kutengeneza kotisoli, homoni ambayo mwili hauwezi kuishi bila hiyo. Aje na vidonge vyenyewe mkononi, hata kama vimefungwa kwenye karatasi tu.