Namba nasibu kutoka kwenye saifa: maswali yenu

Safari iliyopita niligusia kwamba programu nyingi za leo huchota namba nasibu kutoka kwenye saifa ya mkondo. Maswali yamekuja mengi, na haya ndiyo yaliyojirudia.

Saifa kazi yake ni kuficha ujumbe. Namba nasibu zinaingiaje hapo?

Saifa ya mkondo unaipa ufunguo, nayo inatema mfuatano mrefu wa baiti. Anayeficha ujumbe anauchanganya na mfuatano huo kwa XOR (kitendo kinacholinganisha biti mbili: zikifanana kinatoa 0, zikitofautiana 1), na mwenye ufunguo uleule anaufichua kwa njia hiyohiyo. Usalama wote umekaa kwenye sharti moja: asiye na ufunguo asiweze kuutofautisha mfuatano huo na baiti zilizotokea kwa bahati tupu. Sasa ondoa ujumbe. Ulichobaki nacho ni kizalishi cha namba nasibu. Jaribu kuficha faili iliyojaa sifuri, utaona kinachotoka ni mfuatano wenyewe.

Inayotumika sana ni ChaCha20, aliyoibuni Daniel J. Bernstein mwaka 2008. Ndani yake mna jedwali la maneno 16, kila neno biti 32. Manane ni ufunguo wa biti 256, manne ni namba zisizobadilika, na manne yaliyosalia yanabeba kaunta pamoja na namba ya kutumika mara moja. Jedwali linavurugwa mizunguko 20 kwa vitendo vitatu tu: kujumlisha, XOR na kuzungusha biti. Mwishoni jedwali la mwanzo linajumlishwa na lile lililovurugwa. Hatua hiyo ndogo ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa sababu vitendo vyote vilivyotangulia vinaweza kurudishwa nyuma. Bila hiyo, mwenye baiti 64 zilizotoka angetembea kinyumenyume hadi kwenye ufunguo. Baada ya hapo kaunta inapanda kwa moja na baiti 64 nyingine zinatoka.

Kwa nini nisitumie tu kizalishi kilichokuja na lugha yangu ya programu?

Kwa mchezo au uigaji, kitumie. Kwa nywila na funguo, hapana. Mersenne Twister, iliyomo kwenye moduli ya random ya Python, inapita majaribio mengi ya takwimu, lakini ukiona namba zake 624 za biti 32 mfululizo unaweza kukokotoa zote zinazofuata. Python yenyewe ina moduli ya secrets kwa kazi za siri.

Basi nikiwa na ChaCha20 sihitaji chanzo kingine cha bahati?

Unakihitaji, na hapa nawasihi msome polepole. Saifa haizai bahati, inairefusha tu. Ukiipa mbegu (thamani ya kuanzia, yaani ufunguo) inayokisika, itakupa baiti nzuri mno kwa macho, na adui atazizalisha zilezile kwake. Kati ya 2006 na 2008, toleo la OpenSSL (maktaba ya programu za kuficha data) lililosambazwa na Debian, mfumo wa uendeshaji wa aina ya Linux, lilikuwa limeondolewa msimbo uliokuwa ukiingiza bahati kwenye kizalishi. Kilichobaki kubadilika kilikuwa namba ya mchakato (namba ambayo mfumo huipa kila programu inayoendeshwa), ambayo kikomo chake kilikuwa 32,768. Funguo za biti 2,048 zilionekana imara, kumbe kwa kila aina ya mashine zote zingeweza kuorodheshwa na kujaribiwa moja baada ya nyingine.

Mbegu ichukuliwe kutoka kwenye kerneli, kiini cha mfumo wa uendeshaji, inayokusanya nyakati za matukio ya vifaa na vyanzo vya bahati vilivyomo kwenye prosesa. Kwenye Linux, omba kwa getrandom.

Mtu akifanikiwa kusoma kumbukumbu ya programu, si ataona hadi namba nilizokwisha kutoa?

Ataziona kama umeuacha ufunguo ukae. Dawa yake ni nyepesi ajabu: kila saifa inapotema baiti, 32 za kwanza zinakuwa ufunguo mpya papo hapo na wa zamani unafutwa. Zilizobaki ndizo zinazogawiwa, na kila iliyogawiwa inafutwa pia. Anayeingia leo anakuta ufunguo wa leo, lakini wa jana haupo popote.

Programu yangu imetoa namba ileile ya siri kwa watu wawili. Saifa imeharibika?

Haijaharibika. Niliwahi kukesha na hitilafu hii. Kwenye orodha ya matukio ambayo programu huandika niliona watu wawili wamepewa namba moja ya tarakimu nane ndani ya sekunde ileile. Nikadhani sadfa. Nikashuka mistari michache, nikakuta jozi nyingine, kisha nyingine tena, kwa mpangilio uleule. Mchakato mkuu ulikuwa umeandaa kizalishi kwanza, ndipo ukajinakili kuzaa michakato midogo. Kila mtoto alirithi ufunguo uleule na kaunta ileile, basi majibu yakawa mamoja. Weka mbegu mpya kila mchakato unapozaliwa, au chota moja kwa moja kutoka kwenye kerneli. Mashine pepe (kompyuta zinazoigwa ndani ya kompyuta nyingine) zinazowashwa kutoka kwenye nakala moja iliyohifadhiwa zina hatari hiyohiyo.

Nataka tarakimu 0 hadi 9. Nachukua baiti, nagawa kwa 10, nabaki na baki. Ni sawa?

Karibu, ila si sawa. Baiti ina thamani 256. Baki 0 hadi 5 zinapatikana kwa njia 26 kila moja, na 6 hadi 9 kwa njia 25. Tupa baiti yoyote iliyo 250 au zaidi, chukua nyingine.

Nimerithi msimbo unaotumia RC4, saifa ya mkondo ya zamani. Niuache?

Uondoe. Mwaka 2001 Itsik Mantin na Adi Shamir walionyesha kwamba baiti yake ya pili huwa sifuri karibu mara mbili ya inavyostahili. OpenBSD, mfumo wa uendeshaji, ilikuwa na arc4random, kizalishi cha namba nasibu kilichojengwa juu ya RC4. Tangu toleo la 5.5 la mwaka 2014 jina limebaki lilelile, ila ndani inafanya kazi ChaCha20, na programu zilizokuwa zikiiita hazikuhitaji kubadilisha hata mstari mmoja.