Shingo ya Dhahabu Haikusafishii Fizi

*Shingo ya kipandikizi changu ni ya njano. Ni dhahabu? (Msomaji, Tabata)*

Si dhahabu. Shingo ni kipande kinachopita kwenye fizi na kuunganisha jino bandia na kipandikizi, yaani mzizi bandia wa titani uliomo mfupani; njano yake ni nitridi ya titani, utando mgumu wenye unene wa mikromita chache. Unaficha kijivu cha titani kisionekane kwenye fizi nyembamba. Usikubali kutozwa bei ya sonara.

*Mipako hii inasaidiaje fizi kupona? (Mbagala)*

Kwenye jino la asili, nyuzi za fizi zimejichomeka ndani ya mzizi. Kwenye kipandikizi zinalala tu kando ya titani, zikikizunguka bila kukishika, ndiyo maana vijidudu hupenya upesi. Vijifereji vya leza vya mikromita chache huzipa nyuzi pa kujipanga na kushika. Lakini penye mparuzo fizi hushika na ukoga hushika pia. Mpaka unaotumika ni mparuzo wa wastani wa mikromita 0.2: ukizidi hapo, ukoga huongezeka; ukipungua, hupati faida zaidi. Anayekusifia uso wa shingo unaoparuza akutajie namba yake.

Jambo ambalo wengi hawaulizi: kila shingo inapofunguliwa na kufungwa tena, kile kifungo cha fizi hukatika, na kikijijenga upya huweza kushuka chini na mfupa ukakifuata. Muulize daktari wako kama shingo ya kudumu inaweza kuwekwa mapema na kuachwa hapo hapo.

*Je, haidroksiapataiti?*

Huo ni mpako wa madini kama ya mfupa, na ni wa upande wa mfupa. Ukichungulia nje ya fizi, hukusanya ukoga.

*Navuta sigara na nina kisukari. Nichague mpako gani? (Kigamboni)*

Swali hili linarudi kila mara, na jibu ni lile lile: hakuna mpako wa kufuta sigara. Nikotini hubana mishipa ya damu inayolisha kidonda. Acha kwanza, kisha mpelekee daktari kipimo cha wastani wa sukari cha miezi 3, si kile cha asubuhi moja.

*Mwaka umepita, fizi inatoka damu nikipiga mswaki. (Kimara)*

Nenda wiki hii, usisubiri maumivu. Uvimbe ukiwa wa fizi tu, hutibika. Mfupa ukishaliwa, kuurudisha ni kazi kubwa. Omba eksirei, na kama jino lilibandikwa kwa simenti, omba itazamwe iliyobaki chini ya fizi, maana hiyo huchochea uvimbe. Daktari asikwangue kwa vifaa vya chuma cha pua, vitauchubua mpako. Vipo vya plastiki na vya titani. Nyumbani tumia brashi ndogo ya katikati ya meno yenye waya uliofunikwa plastiki. Na uende na kadi ya kipandikizi chako yenye jina na namba ya toleo: skrubu ya aina nyingine inaweza kuingia vizuri na bado ikaacha mwanya wa vijidudu.