Gasketi ya hedi inaungua kila baada ya miezi michache

Kama umeshabadilisha gasketi ya hedi (kizibo kinachokaa kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu) mara mbili kwenye lori lako la dizeli na bado maji yanarudi kwenye rejeta yakitoa mapovu, gasketi haina kosa. Angalia inapokaa.

Safisha hedi na bloku, weka rula ya chuma iliyonyooka kwa urefu, upana na mshazari, kisha jaribu kupitisha chini yake fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi) ya mm 0.05. Ikipita, peleka hedi ikapigwe plena, yaani isawazishwe uso kwa mashine. Bloku pia, wengi huisahau! Laini (mikono ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) zikiwa za kutoa, pima zilivyochomoza juu ya bloku; moja ikizama kuliko jirani yake, moto utapenyea hapo hapo.

Matundu ya bolti yasiyotoboka yakaushe kwa upepo. Oili ikibaki chini, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza) italia mapema na hedi haijabanwa, au bloku ipasuke. Kaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa hatua 3, kwa kipimo cha kitabu cha injini hiyo. Bolti zinazokazwa kwa nyuzi za pembe (digrii) usizitumie tena, weka mpya.

Mwisho taimingi ya pampu, yaani wakati inapopuliza dizeli kwenye silinda: ikitangulizwa mno, presha ya silinda hupanda na gasketi itaungua tena.